Weupe Katikati ya Soketi

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi plasta tatu za kupimia miguu ya bandia. Mbili za watu wazima, moja ya mtoto aliyelia mpaka Fundi Laurenti akamwimbia. Fundi anaimba vibaya. Mtoto alinyamaza kwa mshangao.

Mchana modeli yangu ya kompyuta. Nimeiendesha mara nne na mara zote imekubali. Nikiona kitu changu kinakwenda vizuri naanza kukitazama kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Kitambaa cha nyuzi za mgomba nimekigawa safu ishirini, kila safu na vitundu vyake. Pampu inanyonya hewa, resini, ile gundi inayoganda, inaingia, inapita kwenye vitundu, na kila inavyopita inazidi kuwa nzito. Vitundu vinapungua. Utafiti wangu wote unauliza jambo moja: vitajaa kabla havijaziba? Kwenye skrini palipojaa pana buluu, pasipojaa pana weupe. Leo buluu tupu, juu hadi chini.

Msimamizi wangu wa chuo ameandika. Vipimo vyote vya vitundu nimechukua kwenye robota la kwanza la kitambaa, anasema. Nipime na la pili. Nimekasirika. Kitambaa ni kilekile, wanawake wanaokisuka ni walewale wa Makere. Lakini anayesaini ni yeye.

Mama Bukuru leo ana siku ya tano nyumbani Kitahana na mguu wake mpya. Nyoka alimuuma shambani, wakamkata chini ya goti, miaka minne akatembea kwa fimbo na kwa makalio. Soketi yake, ile sehemu anayoingiza kigutu na inayobeba mwili wote, ndiyo ya kwanza kutoka robota la pili. Ilitakiwa akae hapa wiki nzima tukimwangalia akitembea. Alikaa siku mbili. Alikuwa na mapacha nyumbani, analia maziwa yanamjaa. Nikamwombea ruhusa kwa Mkuu wa kituo. Kwenye fomu, penye njia ya upimaji, niliandika: modeli. Nikasaini.

Hajapiga simu. Nachukulia anatembea.


Jumanne, 5 Novemba

Nimepima robota la pili kwa ile lenzi ndogo ninayobandika kwenye simu. Kitambaa kizuri kuliko cha kwanza. Kimelala, kimenyooka, hakitoi vinyuzi. Kilipofika mwezi uliopita nilikisifu mbele ya watu wote.

Vitundu vya juu sikuviona. Nilidhani lenzi imechafuka. Nimeifuta mara mbili. Vipo, ila vidogo mno, kama vimefumbwa.

Nimeingiza namba kwenye modeli. Picha iliyotoka sijawahi kuiona. Mstari mwembamba wa buluu juu, mwingine chini, katikati peupe pe. Safu kumi na nne kati ya ishirini hazina kitu.

Programu imeharibika. Lazima nimekosea alama mahali. Kesho nitaipitia mstari kwa mstari.


Jumatano, 6 Novemba

Nimeipitia. Haijaharibika.

Nikirudisha namba za robota la kwanza, buluu. Nikiweka za la pili, weupe. Nimefanya hivyo mara saba, kama mtu anayefungua pochi tena na tena akitafuta ufunguo ambao haumo.

Ugali wa mchana sikuugusa. Naogopa kidogo. Naandika "kidogo" kwa sababu naona aibu.


Alhamisi, 7 Novemba

Fundi Laurenti ana desturi yake. Kila soketi ikitoka kwenye plasta lazima ikatwe ukingo wa juu ili isimchome mgonjwa. Wengine hutupa ile pete inayobaki. Yeye huitundika ukutani kwenye msumari, na jina la mgonjwa chini yake kwa chaki. Anasema mguu umekwenda lakini mzizi umebaki kwetu. Nilikuwa nikimcheka.

Leo nilitungua pete ya Mama Bukuru. Nje inang'aa, ngumu, nzuri. Nikaifunga kwenye jiliwa, nikaikata kwa msumeno.

Ndani nyuzi kavu. Kavu kabisa, rangi ya majani ya mgomba yaliyokauka, kama vile resini haikuwahi kusikia habari zao. Na unga mweupe kwenye meno ya msumeno. Niliugusa kwa ulimi. Sijui kwa nini niliugusa kwa ulimi.

Nikaenda chumba cha vidonda nikaomba ayodini. Jaribio la kidato cha pili. Tone moja. Pakawa peusi.

Wanga. Kitambaa kimetiwa wanga.

Nilikaa chini, kwenye sakafu. Kisha nikampigia Mama Nestori, kiongozi wa kikundi cha Makere. Alifurahi kunisikia. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na mimi nikajibu zote. Nilipouliza habari za kitambaa alicheka. "Ulituambia kinatoa vinyuzi, dada. Tukasema huyu ni mtu wa Tanga, anapenda nguo iliyonyooka. Tukakitia uji wa muhogo mara mbili, tukakipiga pasi. Umekipenda?"

Nikasema nimekipenda.

Ni kweli niliwaambia. Mwezi wa nane, mbele yao, nikinyofoa vinyuzi kwenye sketi yangu nyeusi: hiki kitambaa kinachafua, hamwezi kukituliza? Mama yangu alitia wanga kanzu za baba kila Alhamisi. Nimekua na harufu ile. Na bado nilikishika kitambaa kile, nikakinusa, nikakisifu, nikampa mtu akikanyage.

Nusu ya pete nimeiloweka kwenye beseni la maji. Naogopa. Leo siandiki "kidogo".


Ijumaa, 8 Novemba

Nusu iliyolowekwa: nimeikunja kwa vidole viwili. Ngozi ya nje ya resini ilipasuka, ndani uji. Uji kweli, unateleza.

Nusu iliyobaki kavu sikuweza kuikunja.

Kwa hiyo ikiwa kavu inabeba. Kwa muda. Jasho litaingia kwa juu, pale ukingo ulipokatwa, na mvua zimeanza.

Nilimpelekea Mkuu vipande vyote viwili kwenye sahani. Ni mtu mwema, ila anaogopa karatasi kuliko anavyoogopa radi. Alifunga mlango kwanza. "Bi Salma, hilo jambo usilitamke kwenye korido." Gari lipo Kigoma mpaka Jumatatu. Niandike ripoti. Mgonjwa aitwe kwa utaratibu, kwa marekebisho ya kawaida, asitishwe. Huenda hata hana tatizo. Mkono wake ulikuwa ukichezea kalamu muda wote. Naye anaogopa. Haikunisaidia kujua hivyo.

Namba iliyo kwenye faili ni ya mume wa Mama Bukuru, fundi uashi, yuko Kasulu kwenye ujenzi. Haikupatikana mchana kutwa.

Jioni wakati wa kufunga, Fundi Laurenti alisimama karibu na meza yangu, kofia mkononi. Yeye ni wa hapahapa Kibondo, ana miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hii, hupima kila soketi kwa kuigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akasema, "Ile ya Mama Bukuru niliigonga. Ililia bubu, kama debe la unga. Lakini kompyuta yako ilikuwa imeshasema, mwanangu."

Ningependa angenitukana.


Jumamosi, 9 Novemba

Sikuweza kungoja gari. Saa tatu nilipanda bodaboda ya Eliya kwenda Kitahana; ni kijana mzima mwenye watoto wake, si mtu wa papara. Mvua ilitukuta tukiwa bado hatujafika popote. Kwenye kalvati maji yalikuwa yanapita juu, mekundu, na gogo zima likazama mbele yetu tukalitazama. Eliya alizima pikipiki. Nikamwambia tuvuke. Akanitazama kwa upole tu, akageuza.

Saa nane mume alipatikana kwenye simu. Niliuliza hali ya mama watoto kwa sauti ya kawaida. Akasema anamshukuru Mungu na anatushukuru sisi. Mkewe sasa anashuka mwenyewe mpaka bondeni kuloweka mihogo, kazi ambayo mama yake mzee aliifanya peke yake miaka minne. Anabeba na mtoto mgongoni. Watu wanatoka nje kumwangalia akipita.

Bondeni. Kuloweka. Anasimama kwenye maji.

Nilimwambia ampigie amwambie avue mguu, asiukanyage kabisa, mpaka nifike. Akauliza mguu una nini. Nikasema una kasoro, kosa ni langu. Alinipigia baada ya nusu saa: simu ya nyumbani imezimika, haina chaji tangu juzi, na majirani wako kwenye msiba.

Nataka kuandika kwamba namwogopea yeye tu. Si kweli. Naogopa pia barua itakayoandikwa, jina langu chini ya fomu, shahada yangu, macho ya wagonjwa wengine ninapowaambia kanyaga, usiogope. Namwogopea yeye, na najiogopea mimi, na hofu zote mbili zimekaa tumbo moja. Hii ya pili naichukia.


Jumapili, 10 Novemba

Maji kwenye kalvati yalikuwa yamepungua. Eliya alikuja kunigongea mlango kabla ya saa moja, bila kuitwa, amevaa nguo za kanisani.

Kitahana tulifika watu wakiwa ibadani. Nyumbani kwa Mama Bukuru nilimkuta mama mkwe ukumbini, amempakata pacha mdogo, Butoyi. Aliniambia mkwewe ameshuka na Bukuru mgongoni kuopoa mihogo. Leo ni siku ya tatu, lazima itolewe maana itaoza. Alinionyesha njia kwa kidevu. Eliya alibaki na pikipiki.

Ile njia. Inashuka moja kwa moja, udongo mwekundu, mvua ya jana imeilainisha, na chini kabisa kuna kijito na dimbwi walilochimba la kulowekea. Nilimwona kutoka juu. Amesimama ndani ya dimbwi, maji chini kidogo ya goti, kitenge kimefungwa juu, mtoto mgongoni amelala. Anaokota mihogo, anamenya, anatupa kwenye beseni. Mguu wangu ulikuwa ndani ya maji.

Nilifungua mdomo kumwita. Nikaufunga. Akigeuka haraka atakanyaga vibaya. Nilikaa chini nikashuka kwa makalio, nikishika majani, kimya, macho yangu kwenye ule mguu. Nimewahi kuogopa maishani. Sijawahi kuogopa nikiwa nashuka polepole hivyo.

Nilipofika karibu nikakohoa. Aliniona, akacheka. "Mwidiwe, fundi! Umekuja kuniangalia?" Na ikabidi tusalimiane. Akauliza habari za Kibondo, za Fundi Laurenti, za yule mtoto wa kitanda cha pili. Nilijibu kila swali. Nilimpa mkono atoke majini na yeye akautumia kunipa beseni.

Alipokanyaga ukingoni niliusikia. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu anakunja boksi.

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikaanza tena. Nikasema kitambaa hakikujaa ndani, kwamba nje kinadanganya, kwamba maji yanakioza, na kwamba niliupitisha bila kuukata kuuangalia. Avue. Tutampandisha mgongoni mimi na Eliya.

Uso wake ulifunga. "Mmepata mwingine wa kumpa."

"Hapana, mama."

"Mtu wa ofisini amekuja na mtoto. Mtoto wake anautaka."

Niliapa. Nikamwonyesha kile kipande cha pete nilichokuwa nacho kwenye mkoba, nusu iliyolowekwa, nikakikunja mbele yake. Akakitazama muda mrefu. Akasema kile ni kipande, mguu wake ni mzima, ametembea nao hapa nyumbani siku kumi na moja. "Mlima huu nimeupanda bila mguu miaka minne. Leo nitaupanda na mguu wangu." Akajitwika beseni kichwani.

Niliomba mtoto. Hilo alikubali. Alimfunga Bukuru mgongoni kwangu kwa kitenge chake, akakaza fundo, akanipiga begani kidogo kama anapima. Beseni nililishusha kwa nguvu nikaliacha pale. Alinikasirikia.

Tukapanda. Yeye mbele, mimi nyuma hatua moja, mikono yangu miwili imenyooshwa chini ya kiuno chake bila kumgusa. Mtoto alikuwa mzito na wa moto. Kila hatua ya kulia, ule mlio. Nilihesabu. Nilifikiri: akianguka ataniangukia mimi, na mimi nitamwangukia mtoto. Nilimhamishia Bukuru kifuani huku natembea. Yeye hakugeuka.

Nusu ya njia mguu ulisema ka.

Akasimama. Mimi nikamshika kiuno kwa mikono yote, mtoto katikati yetu, akaanza kulia. Hatukusogea. Kisha Mama Bukuru akajishusha taratibu, taratibu, mpaka akakaa kwenye tope, mguu umenyooka mbele yake. Alitazama bondeni, si mimi.

"Ulianza Alhamisi," akasema. "Nilifikiri ni mimi sijui kutembea. Nikasema nikiwaambia mtaniambia nimeuharibu, mtaunyang'anya."

Aliuvua mwenyewe. Alinipa. Nilibonyeza ubavuni kwa kidole gumba na kidole kikaingia. Kwa ndani kulikuwa na ufa wa kidole kizima, na ngozi ya kigutu chake ilikuwa imechunika pale pale.

Nilimwomba nimbebe. Alikataa. Alipanda sehemu iliyobaki kama alivyozoea, kwa mikono na makalio, anarudi nyumanyuma, bila kupumzika. Mimi nyuma na mtoto kifuani na mguu kwapani. Watu walikuwa wakitoka kanisani. Waliotoka nje wiki nzima kumwangalia akitembea walikuwa wamesimama juu ya njia wakitutazama tunakuja. Nilitaka ardhi inimeze, na nilijua sina haki ya kutaka hata hilo.


Jumatatu, 11 Novemba

Gari limerudi. Mama Bukuru ameletwa pamoja na mapacha na mama mkwe, wote wanne wamelala wodini. Kidonda cha kigutu si kirefu. Kimesafishwa.

Mkuu aliuchukua ule mguu mezani. Akabonyeza kwa kidole gumba pale pale. Akauweka chini kama kitu kinacholala. Hakusema lolote kuhusu korido. Robota la pili limefungiwa stoo. Nimepewa barua ya kujieleza. Nimejieleza ukurasa mmoja na nusu. Hakuna jina la mtu mwingine ndani yake.

Mama Bukuru hasemi na mimi. Anasema na Fundi Laurenti, Kiha, chini chini. Nikiingia wananyamaza.

Bado naogopa. Nilidhani itaisha nikimfikia.


Alhamisi, 14 Novemba

Makere. Nilikwenda na kompyuta na kile kipande.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia bila kuwaumiza. Sijui kufanya hivyo. Nikasema tu: ule wanga umeziba vitundu, mguu umevunjika mwanamke akiwa juu yake, na aliyewaambia mkitulize kitambaa ni mimi. Wanawake tisa walinitazama. Mmoja aliacha kusuka. Mama Nestori aliuliza swali moja.

"Ana watoto?"

"Mapacha. Wana miezi saba."

Akashika mdomo. Kisha akataka kuona, akavuta kigoda. Niliwaonyesha modeli. Niliiendesha polepole, wakaangalia buluu ikiingia, ikisita, ikafunga juu na chini, weupe ukabaki katikati. Nikaanza kueleza mambo ya unene wa resini. Bibi mmoja pembeni, hata Kiswahili hapendi kukisema, akanikatiza akasema neno na wenzake wakaitika. Mama Nestori akanitafsiria: "Anasema ni muhogo uliokaukia nje. Ukiuanika mzima kwenye jua kali, juu unakauka upesi, unafunga, ndani unabaki maji. Ukiugonga unadhani tayari. Ukiusaga unanuka. Ndiyo maana tunaupasua kwanza."

Miezi kumi na minne nimeandika milinganyo. Wale wanajua hili tangu wakiwa watoto, na mimi nilikuja kwao kuzungumza habari za sketi yangu.

Nikawauliza wanafanyaje kujua bila kusaga. Bibi akaonyesha kwa mikono: unavunja mmoja. Kila unapoanika, unavunja mmoja ukautazama.

Wamenipa kitambaa kipya, hakijaguswa na uji. Kinatoa vinyuzi. Kina manyoya kama mbuzi. Nimekibeba mapajani njia nzima mpaka Kibondo na sikukinyofoa hata uzi.


Jumatatu, 18 Novemba

Plasta mpya ya Mama Bukuru. Alikaa wima, akatazama ukuta wa pete. Msumari wake mtupu, jina la chaki bado lipo.

Nimepima kitambaa kipya sehemu thelathini. Modeli: buluu. Nilitazama ile buluu na moyo ukanidunda kama nimeona nyoka. Siiamini tena rangi ile. Msimamizi ameandika kwamba picha nyeupe ndiyo utafiti wenyewe, nianze upya na sura ya tatu. Nitaanza. Si leo.

Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha na niliamka nikitafuta mtu wa kumshika kiuno.


Jumatano, 20 Novemba

Resini leo. Fundi Laurenti kwenye pampu, mimi kwenye mfuko wa plastiki uliofunika kitambaa. Kitambaa kilinywa taratibu, kikabadilika rangi kutoka juu kwenda chini, na vinyuzi vyake vibaya vikalala vyenyewe.

Fundi akaigonga soketi ilipoganda. Nikamwomba agonge tena. Nikamwuliza inasemaje. Akasema inasema. Nikamwuliza ana hakika. Akanipa, nigonge mwenyewe. Sikusikia tofauti yoyote, nina masikio ya kompyuta.


Ijumaa, 22 Novemba

Ukingo ulikuwa bado haujakatwa. Mama Bukuru aliingia karakana kwa fimbo yake, akasema anataka kuona. Kwa Kiswahili, kwangu. Neno la kwanza tangu Kitahana.

Fundi alikata pete. Mimi nikaifunga kwenye jiliwa, nikaipasua katikati. Msumeno uliruka mara mbili, nikajichana kidole. Ndani rangi moja, ya asali, toka nje hadi ndani. Sikuona palipo pakavu. Nikampa ayodini. Alidondosha yeye. Tulisubiri wote watatu, vichwa vimekaribiana. Mama mkwe mlangoni na mapacha.

Tone lilibaki na rangi yake ya kahawia.

Akadondosha lingine, mahali pengine. Kahawia. Kisha akaniambia nilete maji, akaloweka kile kipande kwenye bilauri, akakaa kwenye benchi, akanyonyesha mapacha mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia kwamba saa za kazi zinakwenda. Mkuu alipita, akaona, akaendelea. Baada ya chakula cha mchana Mama Bukuru alikitoa, akajaribu kukikunja. Akakitia kati ya meno, akauma. Akaridhika.

Alivaa. Alitembea kwenye njia ya mazoezi, katikati ya vyuma viwili, bila kuvishika. Atakaa hapa wiki nzima, mapacha wako naye, na baada ya hapo nitakwenda Kitahana kila Jumamosi mpaka aniambie basi. Sikuahidi kwa sauti. Nimeandika hapa.

Fomu. Penye njia ya upimaji niliandika: msumeno, ayodini, maji, meno ya mgonjwa. Mkuu atanirudishia. Nilisaini.

Fundi Laurenti alichukua pete kuitundika. Mama Bukuru akanyoosha mkono, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Msumari umebaki mtupu.

Jioni alitoka uani kuanua nepi. Nilikuwa nafunga madirisha. Nikasimama nikasikiliza hatua zake kwenye kokoto, kwenda na kurudi, mpaka nepi zikaisha.

Sikusikia mlio.